Mluzi wa Kobe

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo walivyosema wahenga, ila walisahau kutuambia mkwe naye apewe lini. Kipimo alikuwa ameoa katika nyumba ile miaka mingi ya kutosha kupata watoto wanaokwenda shule, na jembe bado hajaliona. Kila akifika kwa mama mkwe wake alitolewa kiti chenye mto, kile kile siku zote, nacho kikapanguswa vumbi ambalo halikuwepo. Chai ikaletwa kwenye trei, kikombe na kisahani chake. Akithubutu kuinuka ili asaidie kubeba chungu cha maua, mama mkwe alimkimbilia kana kwamba kamkuta anaiba.

"Hapana, mkwe wangu, hapana! Kaa. Utachafuka."

Utachafuka! Mtu ambaye kucha zake hazijaachana na grisi tangu alipoanza kushika spana. Basi alikaa, akanywa chai yake, huku kiti kikiyumba chini yake kwa sababu mguu mmoja wa nyuma ulikuwa mfupi kuliko wenzake. Hilo nalo lilimtesa. Jina la Kipimo alipewa gereji kwa tabia yake ya kupima kitu, akapumzika, akakipima tena kabla ya kukikata, na mtu wa namna hiyo ukimkalisha juu ya mguu mfupi unamwonea tu. Lakini angesemaje? Kiti cha ukweni hakikosolewi.

Mama mkwe alikuwa na bustani ya miche nyuma ya nyumba. Aliuza maua, miti ya vivuli, miche ya matunda na udongo uliochanganywa vizuri. Kazi hiyo aliianza pamoja na mumewe, yeye akiotesha na mume akisambaza kwa pikapu yao, gari kuukuu lenye rangi ya kijani iliyopauka. Mtaa mzima uliliita Kobe, na si kwa sababu ya rangi. Kulikuwa na mlima kati ya bustani na wateja wengi, na Kobe akibebeshwa vyungu aliupanda polepole hata waenda kwa miguu wakamsalimia dereva, wakauliza habari za nyumbani, na wakajibiwa zote.

Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Mara nyingi Kipimo aliomba amfungulie boneti aone kwa nini gari linachoka hivyo. Jibu lilikuwa moja. "Huko mbele kuko sawa, mkwe. Usijisumbue." Kipimo alimeza, lakini iliuma. Fundi anayeaminiwa na mji mzima, anayeletewa hata magari ya watu wenye makoti, haaminiwi ukweni kwake mwenyewe!

Mzee alipofariki, Kobe alikaa uani na majani yakaanza kumwota magurudumuni. Kisha siku moja mama mkwe akamwita Kipimo, akamtilia ufunguo mkononi na kuukunja mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Mkwe wangu, jioni ukitoka kazini, kama una nafasi, nisaidie kupeleka miche kwa watu."

Nafasi! Hata kama asingekuwa nayo angeiazima. Alitoka pale kifua mbele. Lilikuwa si jembe, lakini lilikuwa linaelekea huko, na tangu siku hiyo hakuna kitu alichokiogopa kama kuuharibu ule uaminifu.

Kwa hiyo kila jioni alipitia kwa mama mkwe, akapakia, akapeleka, akarudi. Jambo moja tu lilimshangaza. Kulikuwa na siku alizotumwa na mzigo wa maana, lakini kulikuwa na siku nyingine alizotumwa na mche mmoja, peke yake nyuma kule, ukiyumbayumba kama abiria aliyekosa pa kushika. Mara moja mteja mwenyewe alishangaa, akasema angeupitia kesho bila shida. "Mama yako ana haraka gani?" Kipimo alimuuliza mkewe usiku ule wakila. Mkewe akainua mabega. "Mama hapendi kazi ilale," akasema, na mazungumzo yakahamia kwenye viatu vya shule.

Na kulikuwa na ule mluzi. Kobe alipofika kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumba, pale barabara inapoinuka kidogo na dereva hana budi kurudi gia ya kwanza na kukanyaga mafuta, injini ilitoa mlio mwembamba, mrefu, unaoshuka na kupanda. Kipimo akiusikia alikunja uso. Masikio ya fundi ndivyo yalivyo: wengine wakisikia sauti, yeye anasikia ugonjwa. Injini inavuta hewa kwa taabu, alijiambia. Kuna mahali pamebanwa koo. Maskini Kobe, miaka yote hii wanamcheka, kumbe hapumui.

Akaomba ruhusa kwa adabu zote. "Mama, naomba nilipeleke gari gereji siku moja. Linapumua kwa shida."

"Wewe ndiye fundi, mkwe wangu," akasema mama mkwe, na Kipimo akahesabu hayo kuwa maneno matamu kuliko yote aliyowahi kuambiwa katika nyumba ile.

Kazi aliifanya Jumamosi, na aliifanya kwa mapenzi. Aligundua kwamba bomba la kuvutia hewa lilichukua pumzi yake nyuma ya rejeta, penye joto kali, na hewa ya moto ni kama supu ya maji matupu: inajaza, lakini haitii nguvu. Isitoshe bomba lenyewe lilikuwa la mpira wenye mikunjo mingi, kila mkunjo ukiikwaza hewa njiani. Alitafuta bomba laini ndani, pana zaidi, akalipitisha hadi nyuma ya taa ya mbele, mahali panapopigwa na upepo baridi gari likitembea. Mdomo wake akaugeuzia chini kidogo ili usinywe mvua. Akalisafisha sanduku la chujio, akaweka chujio jipya, akaziba kila upenyo ili vumbi lisipate njia ya mkato kuingia kwenye injini.

Ni katika kulitoa lile bomba la zamani ndipo alipokikuta. Ndani ya mdomo wake, kabla ya chujio, kilikuwa kimekazwa kipande cha mti kama kidole gumba kwa urefu, kimetobolewa katikati, ubavuni kimechongwa mwanya, kikavishwa mpira wa tyubu ili kisichomoke. Kilikuwa kimeziba karibu nusu ya njia.

"Huyu fundi alikuwa seremala," alisema jirani yake wa gereji, mpiga rangi, akikigeuzageuza.

"Au mwuaji," akasema Kipimo. Wakacheka. Mama anayewauzia chai alikuwa akichochea jiko lake karibu, akauliza kama kile nacho ni kuni. "Choma, mama," Kipimo akamwambia bila hata kugeuka.

Jioni ile Kobe alipanda mlima kwa gia ya tatu. Alipita lori la maji, akapita baiskeli, akampita mtu aliyezoea kuuliza habari za nyumbani, naye akabaki ameinua mkono hewani. Kipimo alicheka peke yake ndani ya gari. Kwenye kona ya mwisho hakuhitaji hata kurudi gia ya kwanza, na injini haikulia kabisa, ilinguruma kwa utulivu kama mtu aliyeshiba.

Geti lilikuwa limefungwa.

Alikaa akilitazama. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba tangu aanze kuendesha lile gari hajawahi kulikuta geti limefungwa. Siku zote alikuta liko wazi na mama mkwe amesimama pembeni, ameshikilia komeo. Alidhani ni bahati, au huwa anachungulia dirishani. Akapiga honi. Akapiga tena. Baada ya muda mama mkwe akatoka mbio, maji yakimtiririka mikononi, ndala zimelowa.

"Sikukusikia," akasema. Akaliangalia gari toka mbele mpaka nyuma. "Limekuwa kimya."

"Ndiyo, Mama!" Kipimo alishindwa kujizuia. "Gari zima halilii. Nimeondoa uchafu wote uliokuwa umelikaba. Sasa linapumua."

Mama mkwe alibaki ameshika komeo. "Ahsante, mkwe wangu," akasema hatimaye. "Mungu akubariki." Chai ikaja kwenye trei, ila yeye hakukaa naye kuinywa.

Siku iliyofuata hakukuwa na mche wa kupeleka. Wala iliyofuata. Wateja walikuja wenyewe, au waliambiwa waje. Kisha jioni moja mama mkwe akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo, mkwe wangu. Umechoka, na gari nalo lipumzike." Alisema kwa upole mkubwa, na ule upole ndio uliomkata Kipimo maini. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia. Akikuombea dua huku anakunyang'anya ufunguo, utaanzia wapi?

Nyumbani hakula. Mkewe alikuwa akikunja nguo, akamwacha kwanza azunguke chumba.

"Nimelitengeneza gari!" akasema. "Watu wananilipa kwa kazi kama ile. Linakwenda, halimezi mafuta ovyo, halilii tena kona ile..."

Mkewe akaacha kukunja. "Halilii? Mluzi je?"

"Mluzi gani? Ule mlio? Nimeutoa. Kulikuwa na kijiti kimekazwa ndani."

Mkewe akaketi juu ya nguo alizokwisha kuzikunja. "Mume wangu," akasema. "Umetoa mluzi wa baba."

Kisha akamweleza. Zamani, yeye akiwa mtoto, mama yake alikuwa akishinda huko nyuma bustanini na pampu ya maji ikinguruma, asisikie mumewe akirudi. Baba akawa anapiga honi. Jirani mwenye watoto wachanga akaja kulalamika, na alikuwa na haki. Basi baba akakaa jikoni akachonga filimbi, akiijaribu kwa mdomo wake, mama akimcheka mpaka machozi, na alipoipata sauti inayokata katikati ya ngurumo ya pampu akaenda akaitia kwenye pua ya gari. Haikumsumbua mtu. Lakini mama aliisikia hata akiwa mbali, akazima pampu, akaenda kufungua. Miaka yote ile baba hakufungua geti kwa mkono wake hata siku moja.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa ukiusikia kila jioni! Nani mtaani asiyeujua mluzi wa Kobe?"

"Mimi nilidhani ni ugonjwa," akasema Kipimo.

Kisha jambo jingine likaanza kumjia polepole. Mche mmoja nyuma ya pikapu. Mteja aliyesema angeupitia kesho. Mkewe alilifikia pamoja naye, ilionekana usoni.

"Alikuwa hakutumi kupeleka miche," akasema taratibu. "Alikuwa anakutuma ili urudi."

Kipimo aliwahi kukosea kazini. Aliwahi kufunga kitu kinyume, aliwahi kusahau kitambaa ndani ya injini ya mtu. Lakini hajapata kuona aibu kama ile. Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa mama wa chai, akachokoa majivu kwa kijiti huku akijua kabisa ni upuuzi. Baadaye akachonga filimbi nyingine kwa vipande vya mbao alivyookota, akazijaribu kwenye injini kuukuu iliyokuwa juu ya stendi. Moja ililia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nyingine haikulia kabisa. Mpiga rangi alijitia hodari, akasema ile ya tatu ndiyo yenyewe, lakini mpiga rangi alikuwa hajawahi kufika kwa mama mkwe. Sikio lenye kuujua mluzi ule barabara lilikuwa moja tu, na njia ya kulifikia ilikuwa kwenda kusema kweli.

Akaenda. Kiti kikatolewa, kikapanguswa. Safari hii hakukikalia.

"Mama, nimekosa," akasema akiwa amesimama. "Kile kilichokuwa kinapiga mluzi nilikitoa mimi. Sikujua ni cha nani. Nimeambiwa jana."

Mama mkwe alikuwa ameshika trei. Akaiweka chini. "Kiko wapi?"

Angeweza kusema kimepotea. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. "Kimechomwa, Mama. Nilisema kichomwe."

Pampu huko nyuma iliendelea kunguruma. Mama mkwe alijifuta uso kwa ncha ya kanga, kisha akafanya kitu ambacho Kipimo hakukitarajia: akainamia kile kiti, akakipindua miguu juu.

"Unaona huu mfupi?" akasema. "Hapa ndipo alipokitoa. Nilimgombeza! Nikamwambia, nchi nzima ina miti, wewe unaona kiti changu tu? Akasema mti huu mkavu, una sauti." Akaugonga mguu kwa kidole. "Msumeno uko stoo. Kata."

"Mama, kiti cha wageni..."

"Kata, nimesema."

Kumbe hata sauti ya kuamrisha alikuwa nayo, siku zote kaificha. Kipimo akaleta msumeno. Akapima, akapima tena, akakata.

Walifanyia kazi palepale uani, boneti wazi. Njia kuu ya hewa Kipimo hakuigusa. Kobe angeendelea kupumua kwa raha yake. Badala yake alitoboa tundu pembeni ya bomba, kabla ya chujio ili vumbi lolote litakaloingia likamatwe, akachomeka hapo kijibomba chembamba cha kushika filimbi. Mama mkwe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na geti, mikono magotini, kichwa kimeinama upande. Kipimo akakanyaga mafuta.

"Hiyo ni birika," akasema mama mkwe.

Akapanua mwanya. Akakanyaga tena.

"Huyo anadai deni. Mume wangu hakuwa na sauti ya kudai."

Akakata kipande kingine, akachonga upya. Kikawa kizito mno. Kingine kikapasuka. Mguu wa kiti ukaendelea kuwa mfupi mpaka ukaisha, na kiti kikaegemezwa ukutani, miguu mitatu. Kwa kipande cha mwisho Kipimo alichonga huku akizuia pumzi. Alipokanyaga mafuta, mluzi ulitoka mwembamba, ukapanda, ukatulia kidogo huko juu, ukashuka.

Kipimo akazima injini, akashuka.

"Siyo yeye," akasema mama mkwe.

Kipimo aliangalia kisu, akaangalia kiti. "Mti umekwisha, Mama. Lakini nitatafuta. Nitazunguka kwa maseremala wote..."

"Acha." Sasa alikuwa analia waziwazi, bila kuficha uso. "Wa kwake ulishuka kwanza ndipo ukapanda. Siyo yeye, na hatakuwa yeye hata umalize viti vyote vya nyumba hii. Mimi nilikuwa najua. Kila jioni nilikuwa nafungua geti najua nitakuona wewe, na bado nakwenda mbio." Akavuta pumzi. "Huo ni wako. Uache hivyo hivyo. Nikiusikia nitajua ni wewe."

Kipimo naye alilia, jambo ambalo mpiga rangi hakuliamini alipohadithiwa na bado haliamini.

Kesho yake jioni alipokelewa na ufunguo na mche mmoja. Aliuweka nyuma, akaukaza kwa matofali ili usiyumbe, akaupandisha mlima kwa gia ya tatu. Mteja alikuwa hayupo, akauacha mlangoni. Kurudi, alipofika kwenye kona ya mwisho, Kobe hakuhitaji gia ya kwanza tena. Kipimo akairudisha kwa makusudi, akakanyaga mafuta.

Mluzi ukatoka. Huko mbele ngurumo ya pampu ikakatika, na hata hajamaliza kona geti lilikuwa linafunguka.

"Umechelewa," akasema mama mkwe, akishikilia komeo.

Kipimo akaegesha, akashuka, akajipangusa mikono. Kwa mazoea macho yake yakaenda barazani, yakatafuta huku, yakatafuta kule.

"Unatafuta nini, mwanangu? Kiti?" Mama mkwe alikuwa tayari anarudi bustanini, wala hakugeuka. "Kiti si ulikikata mwenyewe. Jembe lile pale, njoo."